Ahadi Ambayo Haikutolewa: Neno "Éventuel" kwa Wanaoanza Kazi ya Tafsiri

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, imeandikwa kwa Kifaransa na wafadhili wa mradi wa maji, na ilikuwa inakwenda kwa kamati ya kijiji kimoja mkoani Kigoma. Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kazi ya tafsiri, nikiijua Kiingereza vizuri na Kifaransa kwa kiasi cha kutosha kunipa ujasiri. Katikati ya barua palikuwa na sentensi hii: "Une deuxième phase pourra éventuellement être envisagée, en fonction des résultats." Nikaifasiri hivi: "Hatimaye awamu ya pili itafikiriwa, kulingana na matokeo." Ilipaswa kuwa: "Huenda awamu ya pili ikafikiriwa, kwa kutegemea matokeo."

Barua hiyo ilisomwa mbele ya mkutano wa kijiji, na watu waliosikia "hatimaye" walisikia ahadi. Vitongoji viwili ambavyo havikufikiwa na bomba katika awamu ya kwanza vilichimba mitaro yao vyenyewe, kwa majembe na sururu, wakati wa kiangazi ardhi ikiwa ngumu kama jiwe, ili awamu ya pili itakapofika ikute kazi imeshaanza. Awamu hiyo haikufika. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa makamo ya baba yangu, alipanda basi hadi mjini akiwa na barua yangu ndani ya mfuko wa plastiki, akaniwekea mezani na kuniuliza kwa upole, "Mwanangu, hapa si wameandika kwamba watakuja?"

Wafadhili hawakuwa wameandika hivyo. Niliyeandika ni mimi. Ninawasimulia tukio hili ninyi mnaoingia katika kazi hii kwa sababu kosa lenyewe halikutokana na uvivu wala na haraka. Lilitokana na kufahamu Kiingereza: niliona "éventuellement", nikasikia "eventually", nikaendelea na sentensi iliyofuata bila kusimama hata kidogo. Maneno magumu hayana hatari ya aina hiyo, kwa kuwa yanatulazimisha kufungua kamusi. Yanayotuangusha ni yale yanayokuja na sura ya rafiki wa zamani, na katika lugha za Ulaya sijaona familia yenye sura ya namna hiyo kuliko hii ya "eventual".

Mzizi wake si mgumu, na Mswahili ana bahati ya kuuelewa haraka kuliko watu wengi. Kilatini kilikuwa na kitenzi "evenire", kilichoundwa kwa "ex", yaani nje, na "venire", yaani kuja. Maana yake ya awali ni kuja nje, na kutokana na hapo ikawa kutukia. Jambo lililokwisha kuja nje liliitwa "eventus". Lugha yetu imepita njia hiyo hiyo bila kuazima kitu: kutoka, kutokea, tokeo, matokeo. Kila anayekaa katika kikao na kusikia katibu akitangaza ajenda ya "yatokanayo" anasikia picha ile ile waliyokuwa nayo Warumi, ya jambo lililokuwa ndani likatoka nje likaonekana. Kivumishi "eventualis" kilikuja baadaye, katika Kilatini cha wasomi na wanasheria, kikimaanisha jambo linalohusu tokeo au linalotegemea tokeo.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Jambo linalotegemea matokeo unaweza kulitazama ukiwa umesimama upande mmoja kati ya pande mbili. Ukisimama kabla ya tokeo, hujui kama litakuwapo. Basi neno linabeba shaka na sharti: labda, ikitokea, endapo. Ukisimama baada ya tokeo, unaona lililofika mwisho wa safari; basi neno linabeba ukomo: hatimaye, mwishowe. Kifaransa, Kijerumani, Kiholanzi, Kiitaliano, Kidenmaki, Kiswidi, Kipolandi, Kicheki na Kiromania vyote vilisimama kabla ya tokeo. Kiingereza, karibu peke yake, kimesimama baada yake. Ndiyo maana Mfaransa anayesema "je viendrai éventuellement" anakuambia kwamba huenda akaja, huenda asije, ilhali Mwingereza anayesema "I will eventually come" anakuambia kwamba atakuja, ila usimuulize siku.

Kiingereza nacho hakikuanza hivyo. Neno liliingia katika lugha hiyo kwenye karne ya 17 likiwa bado na maana ya jambo linalotegemea jambo jingine, na zipo kamusi za Kiingereza ambazo mpaka leo zinaiorodhesha maana ya sharti, zikiitia alama ya matumizi ya kizamani. Tena Kiingereza cha leo hakijaifukuza maana hiyo nyumbani kabisa. Nomino "eventuality" inamaanisha jambo linaloweza kutokea, wala haina habari na mwisho. Fungu la maneno "in the event of fire", linalobandikwa ukutani katika hoteli na ofisi, linamaanisha "ukitokea moto"; anayelifasiri kwa "katika tukio la moto", kama nilivyoona kwenye vibao vingi, ameandika maneno ya Kiswahili yasiyo na Kiswahili ndani yake. Kwa hiyo msiyagawe maneno ya familia hii kwa lugha peke yake, mkidhani kwamba Kiingereza ni mwisho na nyingine zote ni shaka. Ndani ya Kiingereza chenyewe kielezi kimehamia upande wa pili, huku ndugu zake wakibaki walikozaliwa.

Wanafunzi wengi niliowaeleza jambo hili hushangaa kwamba neno moja linaweza kubadilika kutoka uhakika hadi shaka, au kinyume chake, na wakasema kwamba lugha za Ulaya zina matatizo. Huwaomba waliangalie neno letu "labda". Limetokana na Kiarabu "lā budda", ambalo maana yake ni kwamba hapana budi, yaani ni lazima. Kiarabu kinaposema "lā budda", kinafunga mlango. Kiswahili kinaposema "labda", kinauacha wazi. Tena tumeyahifadhi yote mawili, kwa sababu tunaposema "sina budi kwenda" tunalitumia neno lile lile kwa maana yake ya Kiarabu, na katika sentensi inayofuata tunaweza kusema "labda nitakwenda" bila mtu yeyote kuona ajabu. Mkalimani anayefanya kazi kati ya Kiswahili na Kiarabu huko Muscat anajua vizuri uzito wa jambo hili: akimsikia Mwarabu akisema "lā budda" naye akatoa "labda", amegeuza wajibu kuwa uwezekano, kosa ambalo ni pacha wa langu la Kigoma likitazama upande wa pili. Tangu nilipoliona jambo hili nimeacha kuwafundisha watu kwamba "éventuellement" ni mtego wa Kifaransa. Ni mwendo wa kawaida wa maneno yanapohama, nasi tumeutembea.

Sasa niwaonyeshe mahali mtakapokutana nalo, kwa kuwa kulijua neno katika kamusi si sawa na kulitambua katika hati.

Kwenye mihtasari ya vikao, maana yake ni tofauti na yote niliyokwisha kuitaja, nayo hupendeza kwa namna yake. Ajenda ya kikao cha Wadenmaki au Wanorwei mara nyingi huishia na kipengele kimoja chenye neno moja tu, "Eventuelt". Ajenda ya Waitaliano huishia na "Varie ed eventuali". Vyote viwili ni "Mengineyo" yetu: nafasi iliyoachwa kwa lolote litakalotokea ambalo halikupangwa. Nimewahi kuona muhtasari uliofasiriwa ambamo "Eventuelt" ilifanywa "Hitimisho", bila shaka kwa kuwa ilikuwa ya mwisho na ilifanana na neno la Kiingereza la mwisho. Wajumbe waliosoma nakala ya Kiswahili walibaki na mashaka kwa nini hitimisho la kikao lilihusu ufunguo wa ghala na tarehe ya mkutano ujao. Waswidi, ambao ni majirani wa Wadenmaki na wanalitumia "eventuellt" kwa maana ya labda, kwenye ajenda zao huandika "Övriga frågor", yaani masuala mengine. Ujirani wa lugha hauwapi nyinyi ruhusa ya kukisia.

Kwenye maelekezo ya kazi na mapishi neno huja likiwa limekatwa. Wajerumani huandika "evtl.", Wadenmaki "evt.", na mfasiri mgeni huweza kupita juu ya herufi hizo kama anavyopita juu ya nukta. Maelekezo ya Kijerumani yanayosema "evtl. etwas Wasser zugeben" yanamwambia mpishi aongeze maji kidogo ikibidi, yaani akiona unga umekuwa mgumu. Ukiandika "mwishoni ongeza maji kidogo", umemwamuru kila mpishi kuongeza maji, hata yule ambaye unga wake ulikuwa tayari. Neno linalofaa hapa ni "ikibidi" au "kama inahitajika". "Labda", ingawa kamusi ndogo za Kijerumani huliweka mbele, halifai, maana mpishi anayeambiwa "labda ongeza maji" atauliza nani aamue. Hili ndilo jambo ambalo kamusi haiwezi kuwafanyia: neno lina maana ya uwezekano, lakini ni lazima mwenyewe mtambue uwezekano huo umo mikononi mwa nani. Katika mapishi umo mikononi mwa msomaji. Katika barua ya wafadhili umo mikononi mwa mwandishi. Katika kipengele cha bima haumo mikononi mwa mtu yeyote.

Hesabu za fedha ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu huko neno limekuwa istilahi rasmi katika lugha fulani na halimo kabisa katika nyingine. Kiwango cha kimataifa cha hesabu kinachojulikana kama IAS 37 kinashughulikia, pamoja na mengine, madeni ambayo bado si madeni: kesi iliyoko mahakamani ambayo kampuni inaweza kushindwa, au dhamana iliyotolewa kwa ajili ya mkopo wa mtu mwingine. Kwa Kifaransa madeni hayo huitwa "passifs éventuels", na kwa Kijerumani "Eventualverbindlichkeiten". Kwa Kiingereza hakuna "eventual" hata kidogo. Neno ni "contingent". Mfasiri anayeanzia Kifaransa akaandika "madeni ya mwisho" au "madeni ya baadaye" amesema kwamba yatakuja bila shaka, na kwa msomaji wa hesabu tofauti hiyo ni kubwa: deni litakaloangukia kampuni kwa hakika huingizwa katika mizania, na lile linaloweza tu kuiangukia huelezwa katika maelezo ya hesabu. Mimi huandika "madeni yanayoweza kutokea", na mteja akiwa na istilahi yake ya ndani naifuata hiyo, baada ya kumthibitishia kwa sentensi moja kwamba tunazungumzia kitu kile kile.

Mahakamani neno hubeba uzito wa miaka ya maisha ya mtu. Sheria za jinai za nchi nyingi za Ulaya, na ya Afrika Kusini pia, zinatambua aina ya nia iitwayo kwa Kilatini "dolus eventualis", ambayo Wajerumani huiita "Eventualvorsatz". Si nia ya kutaka mtu afe. Ni hali ya mtu anayeona kwamba kitendo chake kinaweza kuua, akakubaliana na uwezekano huo, akaendelea. Kwa msingi huo Mahakama Kuu ya Rufani ya Afrika Kusini, tarehe 3 Desemba 2015, ilimtia hatiani mwanariadha Oscar Pistorius kwa kosa la mauaji ya kukusudia, ikifuta uamuzi wa awali uliomwona na kosa la kuua bila kukusudia. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai suala hili limewahusu moja kwa moja watu wa Kongo: majaji waliothibitisha mashtaka ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, tarehe 29 Januari 2007 waliona kwamba Ibara ya 30 ya Mkataba wa Roma inaikubali nia ya aina hii, na majaji wengine wa mahakama hiyo hiyo, katika uamuzi wa Juni 2009 kuhusu mwanasiasa Jean-Pierre Bemba, wakaikataa. Fikirini mfasiri wa Kiswahili anayepewa kurasa hizo kwa ajili ya wasomaji wa Ituri au Bukavu, naye akaandika "nia ya mwisho" au "kusudio la hatimaye". Ubishi wa majaji wote ungefutika, kwa kuwa nia ya mwisho ndiyo hasa ambayo dolus eventualis haiihusu. Mimi huandika "kukubali matokeo yanayoweza kutokea", kisha naliacha neno la Kilatini ndani ya sentensi pale linapotajwa mara ya kwanza, ili mwanasheria atakayesoma ajue lilikotoka.

Kihispania na Kireno vinahitaji sikio la peke yake. Huko nako neno lilianza na shaka, lakini limechukua rangi ya jambo lisilo la kudumu, linalotokea mara moja moja. "Trabajador eventual" wa Kihispania ni mfanyakazi asiye na ajira ya kudumu, na ukimwita "mfanyakazi wa mwisho" au "mfanyakazi anayewezekana" hutaeleweka. Kwetu yuko karibu na kibarua, ingawa kwenye hati ya kisheria ningeandika "mfanyakazi wa muda". Sheria kuu ya kazi ya Brazili ya 1943 inamtambulisha mwajiriwa, katika Ibara yake ya 3, kuwa ni mtu anayetoa huduma zenye tabia "não eventual", yaani zisizo za kupita tu, na haki nyingi za mfanyakazi wa nchi hiyo zinaning'inia kwenye maneno hayo mawili. Wenzetu wanaofasiri hati za Kireno kutoka Msumbiji, ambako ng'ambo ya Ruvuma Kiswahili nacho kinasemwa, wazoee kwamba "eventualmente" inaweza kuwa "pengine" katika aya moja na "mara chache" katika aya nyingine ya ukurasa ule ule. Zaidi ya hapo, katika Kihispania cha Amerika ya Kusini na ya Kati mkono wa Kiingereza umeonekana, na waandishi wengine hulitumia "eventualmente" kwa maana ya hatimaye, jambo ambalo watunza lugha wanalikemea bila kulizuia. Kwa lugha hiyo, basi, swali la kwanza ni nani ameandika na anatoka wapi.

Swali hilo la nani ameandika linanipeleka kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote, na ambalo sikuambiwa na mtu nilipokuwa ninaanza. Hati nyingi za Kiingereza zinazofika mezani petu hazikuandikwa na Waingereza. Zimeandikwa na Mjerumani, Mdenmaki, Mfaransa au Mholanzi anayetumia Kiingereza kama lugha ya kazi, akiwa na "eventuell" au "éventuellement" yake kichwani. Anapoandika "we will eventually visit the district in March", hamaanishi kwamba hatimaye watafika wilayani Machi. Anamaanisha kwamba huenda wakafika. Kosa hili ni la kawaida kiasi kwamba wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya, katika mwongozo walioutoa 2013 kuhusu maneno ya Kiingereza yanayotumiwa vibaya katika hati za taasisi hizo, walilitaja. Umoja huo una lugha rasmi 24, na nyingi kati ya hizo ziko upande wa shaka. Si ajabu kwamba Kiingereza cha ofisi zake kinavutwa huko.

Maana yake kwenu ni kwamba tafsiri sahihi ya Kiingereza inaweza kuwa tafsiri batili ya mwandishi. Dalili zipo, mkizitafuta. Kwa Kiingereza cha mwenyewe, "eventually" huandamana na muda mrefu au na kuchelewa, na haikai vizuri pamoja na tarehe iliyotajwa. Ukiiona imekaa jirani na siku kamili, kama katika mfano wa Machi hapo juu, ishuku. Ukiiona baada ya "may" au "could", ishuku pia, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kwamba mwandishi alikuwa na shaka ile ile akaisema mara mbili. Ukiona "the eventual costs" katika bajeti, angalia kama kuna kiasi kilichoandikwa: gharama yenye tarakimu huenda ikawa gharama ya mwisho, na isiyo na tarakimu mara nyingi ni gharama yoyote itakayojitokeza. Dalili hizi haziondoi wajibu wa kuuliza. Zinawaambia wapi pa kuuliza.

Nami nilikuwa na dalili yangu nikaipuuza. Sentensi ya Kigoma ilikuwa na "pourra", yaani itaweza, kabla ya "éventuellement". Ilikuwa na "envisagée", yaani kufikiriwa, baada yake. Na ilifungwa na sharti la matokeo. Shaka ilikuwa imerudiwa mara nne ndani ya mstari mmoja. Mwandishi alikuwa amejitahidi kadiri ya uwezo wa lugha yake kutoahidi, na mimi nikaahidi kwa niaba yake kwa neno moja.

Upande wa Kiswahili, msitafute neno moja la kulibadilisha. Lugha yetu haina kivumishi cha kubeba maana hii, nami sioni kuwa ni upungufu, kwa sababu sarufi inaifanya kazi hiyo vizuri zaidi kuliko kivumishi chochote. Kiambishi "-ki-" pekee kinatosha kubeba "éventuel" zima: "hasara zikitokea". Kirejeshi pamoja na "-o-ote" kinatoa "hasara zozote zitakazojitokeza", ambayo ni tafsiri nzuri ya "les pertes éventuelles" katika mkataba. "Huenda" ikifuatwa na "-ka-" inatoa shaka ya mwandishi mwenyewe: "huenda tukaja". "Iwapo", "endapo" na "kama yapo" yanafaa katika fomu na hojaji, pale Mfaransa anapoandika "observations éventuelles" naye akimaanisha maoni, kama unayo. Mtakaposoma "maoni ya mwisho" katika fomu iliyofasiriwa, mtajua kilichotokea.

Na "eventually" ya Kiingereza cha kweli, pale mlipothibitisha kwamba ndiyo, isifanywe "hatimaye" kila mara. "Hatimaye" imetokana na "hatima", nayo inapendeza pale jambo lilipokwisha kufika: "hatimaye mvua ikanyesha". Kwa jambo lijalo, mara nyingi "baada ya muda", "mwisho wa yote" au "ipo siku" hukaa vizuri zaidi, kila moja na kiwango chake cha matumaini. Katika hati rasmi naepuka "ipo siku", kwa kuwa watu wetu wameisikia sana kutoka kwa wadeni wao.

Kuhusu utaratibu wa kazi, ninao mmoja tu ninaousisitiza, nao ni wa kalamu. Kabla ya kuanza kufasiri hati yoyote ya Kifaransa, Kijerumani au ya Kiingereza kilichoandikwa na Mzungu asiye Mwingereza, napita mara moja nikiizungushia duara kila "eventual" na ndugu zake wote, na pembeni naandika herufi moja: S kwa shaka, M kwa mwisho, K kwa isiyo ya kudumu. Nisipoweza kuandika herufi, napiga simu. Sasa hivi programu za tafsiri zinafanya kazi hii ya kwanza kwa haraka, na mara nyingi "éventuellement" ya Kifaransa huitoa sawasawa. Lakini Kiingereza kibovu cha Mjerumani huifasiri kama kilivyoandikwa, kwa kuwa programu haijui aliyekiandika ni nani. Nyinyi mnaweza kujua, kwa kuangalia sahihi iliyo chini ya barua. Wale mtakaofanya kazi na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako mwaka 2021 wakuu wa nchi walikubali Kiswahili na Kifaransa viungane na Kiingereza kuwa lugha rasmi, mtakutana na hati zinazopita lugha zote tatu kabla ya kufika kwenu. Ombeni ile ya kwanza. Mkiambiwa kwamba haihitajiki, iombeni tena.

Siku ile mzee alipokuja, nilimsomea sentensi ya Kifaransa neno kwa neno, nikamweleza kila moja lina maana gani na wapi nilikosea, na nikamwomba radhi yeye na watu wa vitongoji vile viwili. Baadaye niliandika barua ya kuomba radhi kwa kamati nzima, nikaipeleka mwenyewe, na nikawaandikia wafadhili kuwaeleza kwamba kosa lilikuwa la tafsiri. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akakunja ile karatasi, kisha akaniuliza kama Kiswahili kilikosa neno la jambo hilo. Nikamjibu kwamba hapana, mzee, ni mimi niliyelikosa. Akafikiri kidogo akasema, "Basi ungeandika tu 'ikitokea'. Tungekaa tusubiri, tusichimbe." Hakujua Kilatini, lakini "kutokea" ndiyo "evenire" yenyewe, na "-ki-" ndiyo shaka yote ambayo Wafaransa wameitia katika "éventuel". Katika barua ya pili niliyoifasiri kwa ajili ya kijiji kile, mwaka uliofuata, sentensi inayohusu fedha za matengenezo ilianza kwa neno hilo.